Misumari Miwili na Kovu la Salaita

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatano, pikapu ya Julius iligongana uso kwa uso na lori karibu na kilima cha Salaita. Saa hiyo sikuitoa kwenye karatasi ya polisi, ambayo ilisema tu "mwendo wa saa nne hivi". Niliitafuta. Risiti ya ushuru wa ndizi aliyokatiwa Julius kwenye kizuizi cha Taveta ilichapwa saa tatu na dakika hamsini na tisa. Simu ya kwanza ya kuomba msaada ilipigwa saa nne na dakika kumi na tisa, na mama aliyeipiga aliniambia alikimbia kama dakika mbili kufika kwenye kichuguu chenye mtandao. Toa mbili. Kutoka kizuizini hadi pale ni kilomita kumi na nne, na Julius alizitembea kwa dakika kumi na nane. Hata lori la mkonge lililojaa lingeudharau mwendo huo.

Nilistaafu mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na minane ya ukarani katika ofisi ya wakili mmoja hapa Voi. Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike nilivyofanya kazi ya watu walioumia kwenye ajali za uso kwa uso, nami nimekubali kwa sharti kwamba vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili. Mshahara haukuwahi kunichosha kuuhesabu.

Kwanza mwelewe ugumu wenyewe, kwa sababu ndio uliotuletea kesi ya Julius, na kesi ya Julius ndiyo ninayotaka kuisimulia kuliko zote. Gari likikugonga kutoka nyuma, hakuna mjadala mrefu. Lakini magari mawili yakikutana pua kwa pua, kila dereva husema mwenzake ndiye aliyevuka mstari. Mahakama isipopata cha kuamulia kati yao, hugawa lawama nusu kwa nusu, na dereva aliyevunjika hukatwa nusu ya fidia yake hata kama alikuwa upande wake akiendesha kama anabeba mayai. Sasa sikilizeni alivyosema Mshai, mkewe Julius, siku aliyokuja ofisini mara ya kwanza. Daktari alikuwa amemwambia kuwa nyonga ya mumewe itahitaji upasuaji wa pili, wa kuwekewa kiungo cha chuma, la sivyo atatembea na magongo maisha yake yote.

"Dada," akaniambia, "wakitupa nusu, hiyo ni ya deni la hospitali. Nusu ya pili ndiyo mguu wake."

Niliandika maneno hayo kwenye jalada la faili, kwa penseli. Ni kosa la kiofisi, jalada haliandikwi. Sikuyafuta.

Lakini turudi nyuma, maana siku Mshai alipoingia, mimi nilikuwa tayari naitwa Mama Futi, na jina hilo lina asili yake.

Baba yangu alikuja Voi kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Shule niliachia kidato cha pili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shamba la mkonge, kupima. Wakataji walilipwa kwa urefu wa marundo ya majani waliyopanga, na mimi ndiye niliyeshika futi, ule utepe wa kupimia. Hakuna mahali pa kujifunzia usahihi kama mbele ya mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri na anakutazama mkono. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, tuliinyoosha futi kati ya misumari miwili iliyopigwa kwenye ukuta wa ghala, mita tano kamili. Futi ikipita au isipofika, inatupwa. Wakataji walikuja kushuhudia, na wengine walikuja na wake zao.

Nilipoingia ofisi ya wakili, niliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Karani mkuu alikuwa Mzee Mwadime, Mtaita wa Wundanyi, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto la Voi. Siku yangu ya pili magoti yalimkatalia, na akahitaji mtu wa kushika ncha ya futi kwenye barabara ya kwenda Mwatate, mahali ambapo magari mawili madogo yalikuwa yamegongana. Alipima, akasoma, akaandika. Mimi nikakohoa.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Futi yako imerefuka."

"Futi hairefuki, mwanangu. Si mpira."

"Ni ya kitambaa, na inavutwa kila siku. Huku mwanzoni namba zimeachana."

Alikunja futi yake. Tuliporudi ofisini aliomba rula ya chuma kwa mchoraji wa ramani wa jengo la jirani, akapiga magoti yake mabovu sakafuni na kuilinganisha futi yake hatua kwa hatua. Katika mita kumi ilikuwa imerefuka sentimita sita. Alibaki pale sakafuni, akiitazama rula. Najua alikuwa akizihesabu kesi alizozipima nayo.

"Kesho usichemshe chai," akasema mwishowe. "Lete nyundo."

Ndiyo sababu kuna misumari miwili kwenye sakafu ya korido ya ofisi yenu, mita tano kutoka mmoja hadi mwingine, na ndiyo sababu kila mfagiaji mpya hujikwaa hapo na kulalamika. Msiing'oe.

Mzee Mwadime alinifundisha mengine kwa utaratibu wake, jambo moja kwa wiki, na hakurudia. Wiki ya kwanza: nenda mahali pa ajali mwenyewe, usitegemee mchoro wa mtu mwingine. Wiki ya pili: nenda asubuhi mapema, jua likiwa chini, ulale kifudifudi uitazame lami kwa upande, kwa sababu mkwaruzo usiouona ukiwa umesimama utauona ukiwa umelala. Wiki ya tatu: uliza nani alifika kwanza, wala si nani aliona, kwa maana kila mtu aliona. Wiki ya nne aliniambia nipime kutoka kwa kitu kisichohama. Hilo la nne nililisikia, nikalielewa nusu, na nusu niliyoiacha ikamgharimu mtu.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyegongwa na gari akiwa kwenye pikipiki yake, upande wa Bura. Nilipima vizuri kabisa, kila kitu hadi sentimita, kutoka kwa kibao cha chuma cha kona kilichosimama kando ya barabara. Kibao kilikuwa kipya na kinang'aa. Kesi iliposikizwa baada ya mwaka na nusu, kibao kilikuwa kimeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, pengine kwa mtu yule yule anayenunua betri kuukuu. Wakili wa upande wa pili aliniuliza vipimo vyangu vinaanzia wapi, na nikawa nimesimama mahakamani na daftari zuri lisiloanzia popote. Mwalimu alipata nusu. Alinishukuru hata hivyo, na shukrani ile ilinisumbua kuliko kama angenitukana.

Tangu siku hiyo nilipima kutoka kwenye kalavati. Kalavati ni zege, hupitisha maji chini ya barabara, ina namba iliyopakwa rangi, na hakuna mtu atakayeibeba kwa mkokoteni.

Sheria yenyewe nilijifunza saa za chakula cha mchana. Wakili wetu alikuwa na ripoti za kesi kwenye rafu, nami nilizisoma moja moja nikila, kamusi ikiwa upande wa kushoto na mahindi ya kuchemsha upande wa kulia. Kurasa za ajali za barabarani bado zina chumvi. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku nne. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa naweza kumwambia wakili, bila kiburi kikubwa, "Hiyo kesi unayoitaja ilipinduliwa kwenye rufaa." Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ananiuliza ukurasa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku Mshai alipoketi mbele ya meza yangu: nina futi ya chuma, chaki ya njano, daftari la miraba, mwavuli, na simu ya kupigia picha. Mzee Mwadime alikuwa amekwisha kustaafu, analima kabichi Wundanyi na kuzipanda kwa kamba iliyonyooka.

Mchoro wa polisi haukutusaidia. Afisa alifika zaidi ya saa moja baada ya ajali, na kufikia hapo trekta ilikuwa imekwisha kuvuta magari yote mawili kando ili barabara ifunguke. Alichora alichokikuta, na simlaumu. Alichokikuta ni vioo vilivyovunjika, vyote vikiwa upande wa kusini. Julius alikuwa anatoka Taveta kuelekea Voi, kwa hiyo upande wake ni kaskazini. Lori lilikuwa linakwenda Taveta, upande wake ni kusini. Vioo vyote upande wa lori: maana yake, kwa mtu yeyote anayeutazama mchoro ule, ni kwamba Julius ndiye aliyevuka. Dereva wa lori alisema hivyo hivyo. Julius mwenyewe hakukumbuka kitu baada ya kuona pua ya lori. Kampuni ya bima ya lori ilijibu barua yetu ya madai kwa upole sana: wako tayari kugawana lawama nusu kwa nusu, na tuelewe kwamba huo ni ukarimu.

Wakili alinitazama juu ya miwani. "Hiyo nusu tuichukue?"

"Nipe siku moja," nikasema.

Nililala Taveta, mtaa wa Bomeni, kwa binamu yangu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Salaita. Zilikuwa zimepita wiki tisa tangu ajali. Niliweka matawi barabarani mbele na nyuma yangu kama tunavyofanya gari likiharibika, nikatandaza kanga, nikalala kifudifudi kwenye lami. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na mgongo wangu ulitoa maoni yake.

Kengele za mbuzi zikasikika, kisha sauti ya mwanamke juu ya kichwa changu.

"Wewe umegongwa ama unalala?"

"Ninaangalia barabara, mama."

"Barabara iko hapo. Haiendi mahali."

Alikuwa mama wa makamo, Mkamba, fimbo begani, na mbuzi wake wakinizunguka kama kamati. Watu walimwita Mama Mutinda. Nikamweleza kwamba natafuta mahali magari yalipogongana miezi miwili iliyopita.

"Si hapo unaangalia. Ni hapa," akasema, akapiga lami kwa fimbo, upande wa kaskazini. "Hapa ndio kishindo ilitokea. Mimi nilikimbia hapo kwa kichuguu, nikapiga simu. Nikarudi kuangalia yule baba."

"Lakini vioo vilikuwa upande ule."

"Hiyo ni mimi nilifagia."

Niliketi. "Ulifagia?"

"Nilikata tawi nikafagia. Kioo ilikuwa mingi, na yule baba amelala hapa kando, anatoka damu. Gari zinataka kupita. Ningemfagilia kioo yule mgonjwa? Nikafagia yote nikapeleka ile upande ingine."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimeona ushahidi ukiharibiwa kwa njia nyingi. Umewahi kuoshwa, kuuzwa, hata kuliwa, maana ndizi za Julius zilitoweka kabla ya afisa kufika na sikumkuta mtu aliyewahi kuzisikia. Lakini sikuwa nimewahi kuona ushahidi ukiharibiwa kwa huruma. Mtu alimwokoa Julius asikatwe na vioo, na kwa ufagio huo huo akamhamishia lawama.

Mahali alipopiga fimbo nililala tena, jua likiwa bado chini, na kovu lilikuwa pale: mkwaruzo mweupe kwenye lami, mrefu kama mkono wangu, wenye kina cha kidole, uliochimbwa na chuma kizito kilichoangukia mahali pamoja. Kovu la lami halifagiliki. Nikapima kutoka kwenye kalavati: mita sitini na mbili na sentimita arobaini. Kutoka mstari wa katikati hadi kwenye kovu: mita moja na sentimita kumi, ndani ya upande wa kaskazini, upande wa Julius. Mita kumi na nane mashariki yake, kwenye upande wa lori, kulikuwa na shimo la ukubwa wa karai la kuchanganyia saruji. Dereva wa lori alilikwepa. Ningekuwa mimi pia ningelikwepa, ila ningeangalia kwanza nani anakuja.

Mama Mutinda alinishikia ncha ya futi. Alishika vizuri, hakuvuta.

Jioni hiyo nilikwenda kulitazama gari la Julius kwenye uwanja wa polisi. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limelala, na kwenye ukingo wa rimu kulikuwa na lami iliyokwama. Upana wa ukingo ule na upana wa kovu ulikuwa mmoja. Gurudumu la kulia ndilo lililo karibu na katikati ya barabara. Kama gurudumu hilo lilikuwa zaidi ya mita moja ndani ya upande wake, basi pikapu nzima ilikuwa upande wake. Nilimpigia simu Mzee Mwadime nikamsomea namba zote.

"Umepima kutoka wapi?" ndilo swali lake la pekee.

"Kalavati."

"Basi nenda kalale," akasema, na akarudi kwenye kabichi zake.

Ilikuwa vizuri kwamba nilikwenda mapema. Miezi saba baadaye barabara ile ikawekwa lami mpya, laini kabisa, shimo na kovu vyote chini. Watu wa Salaita walifurahi. Mimi nilifurahi kwa kiasi.

Kesi iliposikizwa hapa Voi, ambako ndiko alikokaa mwenye lori, ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi. Julius alikuja na magongo yake. Tatizo langu wiki ile halikuwa sheria. Lilikuwa ni Mama Mutinda, ambaye alikataa kuja.

"Nikienda watasema mimi ndio nilificha mambo," aliniambia kwenye simu. "Watanifunga juu ya kufagia."

"Hakuna anayefungwa kwa kufagia, mama. Utasema ulivyofanya, basi."

"Haya, na mbuzi itachungwa na nani? Wewe?"

Mchungaji sikuweza kumkodishia, kwa sababu shahidi halipwi. Unaweza kumrudishia nauli, na zaidi ya nauli upande wa pili utakurukia shingoni, na utakuwa na haki. Nilimweleza Mshai jambo hilo siku mbili kabla ya kesi, nikitaka tu ajue tulipo. Mshai alizaliwa Mgange, kwenye milima, na maisha yake yote alikuwa ameshika jembe na cherehani. Akafunga leso vizuri kiunoni.

"Mbuzi ni ngapi?"

"Ishirini na watatu, anasema."

"Mimi nitachunga."

"Hutaisikia kesi ya mumeo."

"Kesi ataisikia yeye. Mimi siwezi kusema kitu pale, nitakaa tu nikilia. Afadhali nikae na mbuzi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kusikizwa, Mshai alikuwa Salaita juani na fimbo ya mtu mwingine, na Mama Mutinda alikuwa kizimbani Voi na viatu vipya vinavyombana.

Nilitoa ushahidi kabla yake. Wakili wa bima alikuwa kijana mkali, mwenye suti nzuri, na alianza na futi yangu. Imehakikiwa na nani? Nikasema inahakikiwa kila asubuhi kati ya misumari miwili kwenye korido ya ofisi yetu. Akatabasamu kwa ajili ya watu waliokaa nyuma. Na misumari imehakikiwa na nani? Nikasema na yeye mwenyewe, akipenda, kwa kuwa ofisi iko hatua mia tatu kutoka pale. Wakili wetu akaomba wakati wa mapumziko wote wawili waende. Walikwenda na futi mpya ya kijana, iliyotoka dukani asubuhi ile. Waliporudi kijana hakutaja misumari tena, ila nilimwona akipangusa vumbi magotini.

Kisha akanionyesha picha za barabara mpya. "Tuonyeshe hilo kovu."

"Liko chini ya hiyo lami."

"Kwa hiyo halipo."

"Lipo mita sitini na mbili na sentimita arobaini kutoka kwenye kalavati, na kalavati unaiona kwenye picha yako, na namba yake ni ile ile iliyo kwenye picha yangu."

Hakimu alizichukua picha zote mbili, akaziweka sambamba, akaandika kwa muda mrefu. Mtu akiandika hivyo, nyamaza. Ni somo ambalo mawakili wengi hujifunza wakiwa wamechelewa.

Halafu akaitwa Mama Mutinda. Kijana alimwendea kwa sauti tamu.

"Mama, unakubali kwamba uliharibu ushahidi?"

"Mimi nilifagia barabara."

"Ulihamisha vioo kutoka mahali vilipokuwa."

"Ndiyo. Mtu alikuwa amelala hapo."

"Ungeweza kuviacha."

Mama Mutinda alimtazama kama alivyonitazama mimi nilipolala kwenye lami. "Wewe ukilala kwa barabara unatoka damu, nikuachie kioo kwa uso?"

Hakimu alimwambia ajibu maswali bila kuuliza. Alisema kwa upole.

"Sawa mama. Na leo umelipwa nini ili uje?"

"Nauli tu. Na bibi ya huyu mgonjwa anachunga mbuzi yangu."

Chumba kilicheka, hata Julius, na kucheka kulimuumiza nyonga. Kijana akadhani amepata kitu. Alisema hiyo ni hongo ya huduma. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mama, mbuzi ni wangapi?"

"Ishirini na tatu, mheshimiwa."

"Na wasingechungwa na huyo bibi, wangechungwa na nani leo?"

"Na mimi. Na singekuja."

"Basi mahakama inamshukuru huyo bibi," akasema, akaendelea kuandika.

Jioni Mama Mutinda alirudi Salaita akiwa amevua viatu. Alinipigia simu kutoka kwenye kichuguu. Niliogopa, nikafikiri Mshai amepoteza mmoja. Hapana. Mshai alikuwa amerudisha mbuzi ishirini na wanne, na sasa walikuwa wakitafuta mwenye wa ziada. Mshai alisisitiza kwamba alihesabu mara tatu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki sita. Hakimu alieleza kovu, rimu, shimo na ufagio, kwa mpangilio huo, na akaweka lawama yote kwa mwenye lori, asilimia mia moja. Wakili wetu alinigeukia, akaniuliza kwa kunong'ona nimesoma ukurasa gani hivi karibuni. Julius alishika magongo yake, akasimama. Mshai, ambaye safari hii alikuja, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, hawakukata?"

"Hawakukata."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bima ililipa baada ya barua tatu na wiki nyingi, na hospitali ikalipwa deni lake, na Julius akafanyiwa upasuaji wa pili Mombasa. Anatembea. Anachechemea kidogo asubuhi, na anasema ni kwa ajili ya kunikumbuka. Wiki niliyostaafu alipita ofisini kwa miguu yake, akapanda ngazi zote bila kushika ukuta, akaweka mkungu wa ndizi kwenye meza yangu, akajikwaa kwenye msumari wa korido wakati wa kutoka. Nilisikia akicheka peke yake.

Kesho yake niliinyoosha futi kati ya misumari kwa mara ya mwisho, nikawaachia nyinyi. Kisha nikatoa faili la Julius kabatini, kwa kuwa kulikuwa na jambo moja sikuwahi kulifanya. Kwenye jalada, chini ya maneno ya Mshai yaliyoandikwa kwa penseli, kwamba nusu ya pili ndiyo mguu wake, niliandika kiasi cha nusu hiyo, ile ambayo tungeipoteza na hatukuipoteza. Nilihesabu mara mbili. Shilingi milioni moja, laki tatu, themanini na sita elfu na mia tano.